Fulana Arobaini Ndani Nje

Pale Kitengela walisema sitaweza. Jirani yangu Mama Wangeci, mwenye duka la chakula cha kuku, aliniambia usoni, "Wewe wa Doha unaweza kupiga picha, lakini kambi ya vijana wiki nzima? Wacha tuone." Basi waliona. Kambi niliiweza (hilo lieleweke mapema), ila siku ya kwanza nilijiaibisha mbele ya watu wa Kajiado, na afadhali nisimulie mwenyewe kabla Mama Wangeci hajaongeza chumvi.

Mimi nimejitengeneza. Niliondoka na begi moja, nikafanya kazi hotelini Doha miaka saba, nikarudi na diploma ya kuandaa hafla, ambayo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Lakini nilikuta rafiki yangu wa tangu shule amefariki (jina lake silitaji, mtaelewa hivi punde), Mmaasai wa nje kidogo ya mji wa Kajiado, aliyekuwa akifundisha vijana mpira kila Jumamosi, filimbi shingoni. Nikaanzisha mfuko wa kumkumbuka, wa kupeleka vijana kambini wajifunze uongozi. Familia yake ikatupa uwanja. Mahema nikaazima kanisani, sufuria kwa chama cha akina mama, spika kwa pasta, jenereta kwa Mama Wangeci mwenyewe (alinipa huku anacheka), na ile filimbi kwa mama wa marehemu, ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai.

Yeyo alinipa sharti moja tu. "Kabla hujaandika kitu chochote, kuja kwanza tunywe chai na wazee." Nikasema nitakuja. Sikwenda. Mchapishaji wa fulana alikuwa ananingoja Kitengela, na mtu mwenye diploma chai ya nini?

Siku ya kufungua nilikuwa na fulana arobaini, mimi na vijana tumezivaa, jina la marehemu kifuani na mgongoni, na bango refu kama lori. Wazee walipofika wakaliangalia, wakanyamaza. Nikajiambia, wameguswa hao. Nikashika maikrofoni, nikaita jina, vijana wakaitikia kama nilivyowafundisha, nikaona shangazi mmoja anajifunika uso kwa shuka, nikasema moyoni huyo ndiye ameguswa kabisa, ongeza sauti, nikaongeza, nikaita mara ya tatu, ya nne, na nilipofumbua macho (nilikuwa nimeyafumba kwa hisia) viti vya mbele vilikuwa vitupu, na Mzee Parsaloi, baba mdogo wa marehemu, alikuwa anafungua kamba za hema.

"Mzee, programu bado!" nikasema, na maikrofoni bado iko mdomoni, kila mtu akasikia.

"Wewe wa Doha," akasema, "kwetu mtu akienda, jina lake tunaliacha lipumzike. Wewe umeliita mbele ya mama yake kama mtu anatafuta ng'ombe imepotea. Toa watu wako hapa."

Desturi hiyo nilikuwa nimeisikia, lakini nikaona familia ni ya kanisa, mambo hayo yaliisha. Kwa wengine yaliisha. Kwa nyumba ile hayajaisha, na kikombe kimoja cha chai kingeniambia. Sasa vijana thelathini na tisa, wengine wametoka mpaka Kimana, walikuwa wananiangalia na mabegi yao, na nilijua wakirudi nyumbani siku hiyo, mfuko wa rafiki yangu umekufa pale pale.

Nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye diploma. Nilizima spika, nikashusha bango, nikavua fulana mbele ya wote, tumbo likatoka nje (msichana mmoja akasema, "Haki huyu alikula Doha yote"), nikaivaa ndani nje. Vijana wakacheka, kisha wakaingia kwenye mahema, wakatoka nao wamegeuza zao, hakuna jina hata moja lililoonekana. Nikaenda jikoni kwa Yeyo, nikaketi chini.

"Sasa umekuja chai?"

"Nimekuja, Yeyo."

"Imepoa." Akanimiminia hivyo hivyo, akangoja niimalize. Kisha akasema, "Yeye alikuwa mwenye filimbi. Si hiyo inatosha? Andika hiyo." Akatoka nje, akamwambia shemeji yake kitu kwa Kimaasai, na Mzee Parsaloi akaanza kufunga kamba upya akinung'unika. Wiki nzima aliniita Maikrofoni.

Kambi ya Mwenye Filimbi ilikwenda vizuri kuliko hafla yoyote niliyoandaa Doha. Ilipoisha nikazunguka kurudisha vitu vya watu siku moja, mahema kanisani, sufuria zimesuguliwa mpaka zinang'aa, spika kwa pasta ("Imepumzika?" akauliza, kumbe alishasikia), jenereta kwa Mama Wangeci, aliyeniangalia kifuani na kusema, "Siku hizi unavaa nguo vizuri." Kambi niliiweza.

Filimbi niliiacha ya mwisho. Nilikuwa na hakika Yeyo ataniambia nikae nayo, hata hotuba ya shukrani nilikuwa nimeitayarisha njiani. Akaipokea, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani.

"Mwakani utakuja kuomba tena," akasema. "Na utakuja kabla ya fulana."

Hotuba nikaimeza. Nikanywa vikombe viwili, vya moto.