Breki Mpya, Kona Hakuna

Kabla hamjanicheka, wacha nijicheke mwenyewe. Niliifungia pikapu yangu breki kubwa za mbele, zikawa zinagonga chasisi nikikata kona. Fundi wa nini? Nikachomelea mwenyewe vyuma vinene vya kuzuia magurudumu yasipinde sana.

Jumamosi nikaongoza msafara wa harusi ya binamu yangu, yeye akiwa kando yangu. Kwa geti la kanisa, pale Kaplong, nikikata kuingia, usukani ukagoma katikati. Kurudi nyuma mbele ya wakwe ni aibu, kwa hivyo nikapiga honi na kunyoosha mbele. Magari yote yakanifuata yakipiga honi mpaka Sotik.

Tulipokwama sokoni, pasta tuliyemwacha getini akafika kwa pikipiki. "Ndugu, harusi imehamia wapi?"

Binamu yangu akajibu, "Pasta, hii gari haikati kona."