Gunia la Omena Ndani ya Kiti

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni vizuri na msianze kucheka kabla sijafika mahali pa kucheka. Aibu hii ni yangu, niliitafuta kwa mikono yangu miwili na sindano ya magunia, kwa hivyo nitaisema mwenyewe kabla mwanangu Ouma hajawasimulia, maana yeye akisimulia huongeza paka.

Gari aliniachia marehemu mzee wangu, baba yake Ouma, ni lile refu la kupita matopeni, kuukuu, likinguruma kuku wanatawanyika, na viti vyake vilikuwa vimeoza mpaka spiringi zinauma watu makalioni. Sasa mjukuu wangu Akinyi, niliyemlea tangu mama yake afariki, akapata mchumba kutoka upande wa Mbita, na mama ya huyo kijana, Mama Okello, akatuma habari kwamba atavuka na feri aje kuona nyumba ambako mwanawe anaoa. Mara yake ya kwanza kwetu. Nikasema huyo mama hatadungwa na spiringi ndani ya gari la mzee wangu.

Fundi wa Kisumu alitaka tumwachie gari wiki mbili, nikakataa. Nimeshona magodoro tangu nikiwa msichana, kiti ni nini? Mimi na Ouma tukafungua viti, tukavipanga kwenye baraza, na Akinyi akaleta sponji, gundi na leza nyekundu, ile ngozi ya kuvalisha viti (mimi nilitaka ya kahawia, lakini wasichana wa siku hizi na rangi, wacha tu). Kilichobaki ni kile kitambaa kigumu cha kufunika spiringi zisikate sponji. Akinyi, ambaye huniita Dani, yaani bibi, akasema, "Dani, ngoja Jumatatu nikuletee turubai." Ningoje nini, na stoo yangu ina magunia manne ya katani, mazito, mazima kabisa, ya wakati ule nilipokuwa nikiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Bondo? Nikayapiga ukutani mara mbili, nikayanusa, sikusikia kitu. (Mtu aliyezaliwa ufuoni akinusa omena asikie nini? Kwake hiyo ni hewa.) Nikayakata, nikashona, nikavuta leza juu yake, na siwadanganyi, viti vilipendeza mpaka majirani wakaja kuvikalia kwa zamu.

Siku ya mgeni jua liliwaka vibaya sana. Nilivaa ile gauni yangu nyeupe ya akina mama wa kanisa, tukaenda Luanda Kotieno, tukangoja feri saa mbili nzima na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Mama Okello akashuka, mwanamke mpana, sauti kama kengele, na kikapu kimefunikwa leso. Nilijua kazi yake ni kukausha na kuuza omena, na kujua huko ndiko kulikoniponza.

Hatujaenda mbali Ouma akasimamisha gari ati anaangalia gurudumu, nikashuka kumfuata, akaninong'oneza, "Mama, gari inanuka samaki. Inanuka sana." Nikamtazama mgeni kupitia kioo, nikatazama kikapu, nikaamua kesi hapo hapo bila shahidi. Pale kando kulikuwa na mfereji wa maji ya bomba. Nikatoa sabuni kwenye mkoba, nikamwambia kwa uso mkavu, "Mkwe, kwetu mgeni hunawa mikono na miguu kabla ya kuingia bomani." Uongo mtupu! Ouma akakohoa mpaka akashika mlango. Lakini yule mama akashuka, akanawa mpaka viwiko, mpaka magoti. Tukaendelea, Ouma akanionyesha kwa jicho kwamba harufu imezidi, basi nikatunga mila ya pili, kwamba kikapu cha mgeni husafiri juu ya gari.

"Mna mila nyingi," akasema.

"Tuna heshima," nikamjibu, na nikageuza uso dirishani.

Bomani akina mama wa kanisa walikuwa wamejipanga wanaimba, na vigelegele. Mama Okello akashuka, na paka wetu akampita miguuni kama vile anapita nguzo. Kisha nikashuka mimi. Yawa! Nilikuwa nimeshona viti kwa hatua ndefu mno za sindano, na ule unga wa omena wa miaka yote ulikuwa umepenya kwenye mishono kwa kila shimo la barabara, sasa uko wote nyuma ya gauni nyeupe, umeshikwa na jasho. Paka akarukia makalio yangu akaning'inia. Wa jirani akaja, wa tatu akaingia ndani ya gari akaanza kuchimba kiti. Mimi nazunguka na paka, nyimbo zinakatika moja moja, na Akinyi amesimama mlangoni na sinia, macho yamejaa machozi, maana alijua mgeni akivuka ziwa na hasira, harusi imevuka naye.

Mama Okello akasogea, akamng'oa paka, akashika kitambaa cha gauni yangu akanusa, taratibu, kama anayepima mali sokoni. "Hii omena ilianikwa mchangani," akasema. "Mimi huanika juu ya nyavu." Halafu akafunua kikapu chake mbele ya watu wote: ndizi mbivu na majani ya chai. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na hilo gari.

Akamgeukia Akinyi. "Binti yangu, leta beseni na sabuni. Si kwenu watu hunawa kabla ya kuingia?"

Ameshaelewa kila kitu! Nikakaa kwenye kigoda, bibi mzima wa miaka yangu, nikanawa mikono na miguu huku kanisa lote linatazama, na nilipofika magotini nikamwambia, "Mkwe, mila ile niliitunga njiani. Nisamehe." Akacheka mpaka akakaa chini, Akinyi akacheka na machozi yake, na nyimbo zikaanza upya kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Mgeni alikula vizuri, akalala siku mbili, na siku ya kuondoka akakataa gari letu, akapanda bodaboda.

Magunia niliyachoma mwenyewe, turubai ikaja Jumatatu. Na jioni hiyo niliita watu wote wa boma langu nikawaamuru: kuanzia leo, mgeni akifika hapa, beseni litoke, na wa kwanza kunawa ni mimi.