Paka wa Kwenye Gunia

Jirani yangu alidai kwamba paka yule amemwokoa barabara ya Mgori, kamkuta kafungwa ndani ya gunia la alizeti. Watoto wangu wakamwonea huruma papo hapo, wakaomba tumfuge. Mimi huruma sikuwa nayo. Kwetu paka hafungwi guniani bure. Ni yule aliyezoea kula vifaranga, anapelekwa kutupwa mbali asijue njia ya kurudi. Na tetea wangu alikuwa ametoka kuangua.

“Huyu hagusi kifaranga kabisa, mama,” jirani akawahi kusema, wala sijamuuliza.

Tabia ya paka aliyemwokota asubuhi ile kaijulia wapi? Nilimkazia macho, akajifanya anakung'uta suruali.

Watoto walishamkumbatia paka.

“Haya, abaki,” nikasema. “Ila gunia lako uniachie. Huenda nikalihitaji.”