Alijengewa

Hapa Lusail, ughaibuni kwa Waarabu, wamefungua mkahawa wa kuiga nyumba ya shamba ya Kiingereza, uliojengwa na vibarua wageni kama sisi. Leo, nikilinda mlango, nimenusa nta ya sakafu, nikamwona mama akilini, amepiga magoti, akisugua mbao nyumbani kwa mzungu wetu, chini ya boriti nyeusi, mbele ya meko ya mawe. Mimi nilikuwa mtoto, nimeshika debe la nta.

"Babu yangu alijenga nyumba hii," mzungu aliwaringia wageni wa serikali, kwa Kiswahili.

"Alijengewa," mama alisema.

"Unasema nini?"

"Mawe hayo yalimvunja baba yangu mgongo. Alijengewa."

Jioni sufuria zetu zilikuwa barabarani.

Sasa meneja, Mkenya mwenzangu, anawaringia wageni kutoka nyumbani: "Hii tumeijenga wenyewe."

"Mlijengewa."

"Unasema nini, soja?"

Nimerudia, kwa sauti.