Mate ya Paskalina

Mimi na Paskalina tunatenganishwa na ua wa minyaa tu hapa Kharumwa, tangu tulipoolewa, kwa hiyo asije mtu kunisimulia habari zake. Ni mjane, mkulima wa mpunga, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, na ulimi wake mkali kuliko wangu. Alikuwa na mtoto mmoja, Mayala, mchimbaji wa dhahabu.

Siku ile mvua ilikuwa imekesha. Asubuhi wenzake wakamwambia Mayala udongo umelowa, leo hatushuki. Akawacheka, akawaita waoga, akashuka peke yake duarani, kwenye shimo la dhahabu. Shimo likamfukia. Ndivyo ilivyokuwa, na kijiji kizima kinajua.

Lakini msibani nani anataka kusikia hayo? Katekista alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Paskalina akamkatiza mbele za watu: "Mungu gani huyo anayependa kumfukia mwanangu? Kaa chini, mwalimu." Watu wakainamisha vichwa. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo.

Shemeji yake, Marcel, alikuwa na jibu lake: kijana karogwa, na aliyemroga ni bibi Nyamizi wa kule kisimani, mwenye macho mekundu. Macho mekundu! Mtu amepikia mavi ya ng'ombe makavu miaka yote, hana wa kumchanjia kuni, moshi unamla, halafu unataka macho yake yawe meupe kama ya bibi harusi? Nyoo!

Matanga yalipoanuliwa, Marcel akaja na kuku kwapani. Mganga wa kwetu humpasua kuku akasoma ndani yake aliyeua ni nani, ila lazima kwanza mzazi wa marehemu amtemee kuku mate mdomoni. Bila mate ya mama, hakuna ramli. Na sote tuliokuwa pale uani tulijua jina litakalotoka. Likishatajwa, bibi yule hamalizi wiki. Tumeshazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo.

"Shemeji, tema tu," Marcel akasema. "Mengine tuachie wanaume."

Paskalina akampokea kuku, akampanua mdomo. Nikauona uso wake, nikaogopa, maana alikuwa anataka. Aliyefiwa anataka mtu wa kumkaba shati, jamani, na Mungu hakabiki.

"Mama Mayala!" nikaita. Wala hakugeuka.

Akamwinamia yule kuku. Kisha akameza mate yake. Tuliona koo lake likipanda na kushuka. Akamwachia kuku, kuku akakimbilia kwenye mihogo.

"Yaya," akasema kwa Kisukuma, yaani hapana. "Sitemi."

Marcel akafoka. "Basi hukumpenda mwanao! Unamwacha mchawi anatembea!"

"Nilimpenda. Ningekuwa Mungu mimi, ningemfunga kamba asishuke. Mungu hakumfunga, na hilo nitamuuliza mpaka nife. Wewe pia hajakufunga, Marcel. Panga unalo, na mikono unayo. Lakini mate ni yangu."

Marcel akaondoka akitukana. Paskalina akajifunga kitenge, akaniambia, "Mama Noela, nisindikize kwa Nyamizi. Leo nalala kwake, wakija wanikute."

Tulimkuta bibi amekaa mlangoni, anachambua mlenda. Habari za kuku zilikuwa zimemfikia. Alipomwona mama wa marehemu anaingia uani, hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisukuma ungo pembeni, akapiga magoti, akafumba macho, akainamisha shingo.

Paskalina akaanguka chini pale pale mavumbini, akamkumbatia. Tangu msiba uingie hakuwa ametoa chozi hata moja. Sasa alilia mpaka akakosa pumzi.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Mwanangu alishuka mwenyewe. Walimkataza, akashuka mwenyewe."