Samansi ya Myanga na Magunia Kumi ya Mahindi

Siku niliporipoti kazini katika korti ya Kitale nilikuwa nimeshabeba saruji, nimechimba vyoo na nimelala njaa, kwa hivyo nilijua hakuna kitu duniani kingeweza kunishangaza. Nilimwambia hivyo karani mkuu, mzee wa miwani aliyevaa tai hata siku ya mvua. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, akanipa ufagio. "Anza na ukumbi," akasema. "Kushangaa kutakuja kwenyewe."

Sikukaa na ufagio sana. Mimi ni mtu wa darasa la sita, lakini kwa kujituma hakuna wa kunifikia, na hilo nalisema bila haya. Nikapandishwa, nikawa mpeleka samansi. Samansi ni karatasi ya korti inayomwita mtu aje kujibu kesi. Lazima umpe mkononi, kisha unaapa kwa maandishi ulimpatia wapi na nani aliona. Kesi nyingi za Kitale zilikuwa za mashamba, na watu wa mashamba wanajua kukana. Karani mkuu alinifundisha: "Peana mbele ya watu, kwa sauti. Ukimpa kwa siri atasema hajawahi kukuona." Basi nikawa natangaza sokoni kama mnadi wa ng'ombe. Sikuwahi kushindwa.

Nilipohamishiwa Bungoma nilikutana na hakimu wa kesi za watoto, mama mpole wa sauti, mgumu wa kazi. Kesi hizo alizisikiza faragha, yaani mlango unafungwa na wanabaki wenye kesi peke yao. Lakini uamuzi aliusoma mlango ukiwa wazi, akitaja herufi badala ya jina la mtoto. "Watu wana haki ya kujua tunavyoamua," alituambia. "Hawana haki ya kujua ni mtoto wa nani."

Sasa kuna mama mmoja aliyemshtaki mwenye duka la nafaka pale Myanga. Alizaa naye msichana kabla hajaolewa kwingine. Mume aliyemlea mtoto alikuwa amefariki, karo ya sekondari inakaribia, na mtoto alijua marehemu ndiye baba yake. Mama alitaka msaada wa karo, na alitaka amwambie binti yake yeye mwenyewe, kwa wakati wake.

Mimi nikaenda Myanga na pikipiki yangu nyekundu, kama kawaida. Hata sijazima injini, vijana wa bodaboda wakaanza. "Samansi imeingia, bana. Leo ni nani?" "Si ni wewe, na yule mtoto wako wa Kanduyi." Wakacheka. Mwenye duka akasikia, akatoroka kwa mlango wa nyuma.

Kesi ilipotajwa tena, mama alikuja macho yamevimba. "Mheshimiwa, mtoto ameniuliza korti ilikuwa inatafuta nini kwa lile duka. Bado hajui kesi ni yake." Wakili akasimama akaomba samansi itolewe gazetini, kwa sababu mtu akijificha sheria inaruhusu. Mama akainamisha kichwa.

Hakimu akanigeukia. "Mimi nafunga mlango hapa, wewe unaufungua Myanga?"

"Mheshimiwa, nilifundishwa kupeana mbele ya watu."

"Ulifundishwa vizuri, kwa mashamba. Nakupa nafasi moja. Ukishindwa, nitalazimika kuruhusu gazeti."

Nilifikiria njia nzima. Mtu wa nafaka hamkimbii mtu wa mahindi. Nikaenda kwa wakulima wangu wa Kitale, nikanunua magunia kumi kwa pesa yangu, nikakodi pikapu, nikavaa koti la vumbi na kofia mpaka machoni.

"Karibu, mzee. Mahindi ya wapi?"

"Kitale."

"Yamekauka?"

"Ng'ata uone. Lakini bei tuongee ndani. Hapa wenzako watasikia."

Hiyo ilimfurahisha sana. Akanipeleka stoo, akarudisha mlango mwenyewe. Nikatoa karatasi. "Hii pia ni yako, bwana."

Akasoma polepole, akakaa juu ya gunia. "Si wewe ni yule wa pikipiki nyekundu?"

"Ndiye."

Akaikunja karatasi. "Ungenipatia pale nje, ningemkana huyo mtoto mbele ya watu, na singeweza kurudi nyuma tena." Akatia sahihi kwenye nakala ya korti. Sahihi yake ilitosha, sikuhitaji soko zima lishuhudie. Kisha akapangusa uso, akawa mfanyabiashara tena. "Na haya mahindi ni ya korti?"

"Ni yangu. Leta bei."

Bei aliyotaja ilikuwa ya wizi. Nikataka kukataa, lakini nje vijana walikuwa wamezunguka pikapu, na mahindi yakirudi Kitale wataulizana mzee alikuja kufanya nini. Nikasema sawa. Wakashusha magunia wakiimba.

Mwenye duka alikuja kortini bila kuvutwa, akakubali karo. Mama alimwambia binti yake nyumbani, wawili tu. Uamuzi ulisomwa mlango wazi, herufi tupu, na hadi leo Myanga hawajui.

Sasa nimestaafu, nina nyumba za kupangisha Kanduyi, na namshukuru Mungu kwa wakubwa wangu wawili. Mmoja alinifundisha kusema kwa sauti, mwingine akanifundisha ni wapi pa kunyamaza, na bila wote wawili ningekuwa nusu mfanyakazi. Nyinyi vijana mnaotuma samansi kwa simu, angalieni kwanza simu iko mkononi mwa nani.

Watu huniuliza kama korti ilinirudishia. Hata sikuomba. Ukijumlisha hasara ya mahindi, kukodi pikapu na chapati za dereva, siri ya yule mtoto ilinigharimu shilingi elfu saba, mia tatu na hamsini.