Tumemfunga Nani?

Amekufa mshabiki mmoja wa mpira hapa Lodwar, na kama unatarajia nikwambie kwamba alikuwa mpole na kipenzi cha wote, umekosea safu. Alikuwa mkali na mbishi, na akianza kusema hamalizi. Jumatatu asubuhi nilikuwa bado napuliza chai mkewe aliponipigia simu kutoka Nawoitorong kunieleza kwamba kile kifua kilichomsumbua kwa miezi kimemshinda, amefariki alfajiri, na maziko yatakuwa Jumamosi. Nilimpa pole kama inavyopasa. Nilipoweka simu chini nilipandwa na hasira, na mpaka naandika haya haijanishuka. Nina hasira na kombe moja la bati lililowekwa kabatini kwa mwenyekiti wa timu yetu, nina hasira na wakubwa waliopiga picha nalo, na zaidi ya wote nina hasira na nafsi yangu. Nisomeni hivyo hivyo nilivyo, sitajifanya nimetulia.

Marehemu alikuwa fundi wa akala, vile viatu vinavyokatwa kwenye tairi kuukuu, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara karibu na soko. Kununua akala kwake hakukuwa kazi ya dakika mbili. Alikuvua kiatu, akakukanyagisha mguu kwenye kipande cha tairi, akachora kuuzunguka kwa chaki, kisha akaanza kukata na kuhutubia. Wewe umekaa hapo na mguu mmoja mtupu, changarawe inachoma, utakwenda wapi? Ukimpinga, kisu kinapunguza mwendo. Ukimpinga sana, anakiweka chini kabisa akugeukie. Nimewahi kukaa pale tangu saa nne mpaka adhana ya adhuhuri kwa sababu tu nilisema timu ya taifa inahitaji kocha mpya. "Kocha mpya ya nini?" aliniuliza. "Mwandishi, wewe umesoma lakini huoni. Kocha anafukuzwa, wale walimuandika kazi wanabaki. Kesho wanaandika mwingine, wanafukuza tena. Sasa nani alicheza vibaya hapo?" Nikamwambia huo ni mpira, asiuchanganye na siasa. Lo! Heri ningenyamaza. "Serikali ni hiyo hiyo! Waziri ameharibu ofisi hii, anapelekwa ile. Ni kama golikipa amefungwa tano, halafu unasema, haya, nenda ucheze namba tisa."

Hakuwa na timu ya Uingereza, na katika mji huu ambamo kila kijana amevaa jezi ya klabu ya ng'ambo, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Walipokuja vijana kubishana mabao ya Jumapili aliwaambia, "Wale watu hawajui kama wewe unaishi. Hata ukilia, televisheni haikuoni. Njoo ulie hapa kwa uwanja yetu, angalau mimi nitakupa leso." Alikuwa akiwaudhi sana. Lakini siku ya mechi, yeye ndiye aliyezunguka hotelini kukusanya majivu ya jikoni, akayachekecha, akachora nayo mistari ya uwanja kwa mkono wake, kona mpaka kona, upepo ukiyafuta anarudia. Mwandiko wake nao ulikuwa safi kupita wa makarani wengi, kwa hiyo kamati ya mashindano ilimpa pia kazi ya kuandika barua zake. Hapo ndipo msiba wetu ulipoanzia, miezi mingi kabla ya msiba huu wa sasa.

Fainali ilikuwa kati ya timu yetu ya Lodwar na timu ya kambini Kakuma, vijana wa Sudan Kusini, Kongo na Burundi waliokuwa wamemfunga kila aliyekwenda kucheza kwao. Safari hii wao ndio walipaswa kuja kwetu. Sasa, mkimbizi hatoki kambini akapanda basi kama mimi na wewe. Lazima awe na kibali cha kusafiri, na kibali kinakwenda na barua ya mwaliko yenye majina ya wanaoalikwa. Marehemu akaandika barua hiyo. Na kwa kuwa alikuwa amewatazama vijana wale wakicheza msimu mzima, hakumuuliza mtu majina yao. Aliyajua! Akaandika kwa mwandiko ule mzuri: Redio, kwa yule beki asiyefunga mdomo. Trekta. Mchungaji. Daktari. Baridi. Wachezaji kumi na wanane, kumi na wanne kati yao kwa majina ya uwanjani, maana huku kwetu mchezaji akishabatizwa na mashabiki basi, lile la nyumbani linabaki kwa mama yake. Kamati ikapiga muhuri. Mimi nilikuwepo, nikaisoma barua ile kutoka juu mpaka chini, na unajua nilichosema? Nilisifu mwandiko.

Yaliyotokea kwenye kizuizi njiani tulisimuliwa baadaye na nahodha wao, kijana wa Kikongo. Askari alishika vibali mkono mmoja na barua yetu mkono wa pili, akasoma hiki, akasoma hii. Akauliza, "Mchungaji ni nani hapa?" Kijana akanyoosha mkono. "Kibali chako kina jina lingine." Kijana akamjibu, "Mkubwa, Mchungaji ni mimi, watu wote wananijua." Askari akasema, "Mimi sikujui." Basi likageuzwa. Walikuwa wameshavaa jezi, wamesharushiana utani njia nzima, na wakarudishwa Kakuma kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Uwanjani tulikuwa hatujui lolote. Mistari ya majivu imechorwa, hema la wageni limesimamishwa, mheshimiwa aliyedhamini mashindano amekaa mbele, uso wake umechapwa kwenye vifua vya wachezaji wetu wote kumi na mmoja. Simu ya nahodha ilipoingia, marehemu alikimbia mpaka kwa mwenyekiti. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema kosa ni lake, majina ameyaandika yeye, mechi isogezwe kesho yake, atakwenda mwenyewe kwa pikipiki na barua nyingine. Mwenyekiti akatazama saa. Sheria inasema timu ikichelewa nusu saa imeshindwa. Mheshimiwa ana shughuli nyingine Kainuk. Kwa hiyo refa akapuliza, tukapewa ushindi wa mezani, mabao matatu ambayo hakuna mguu ulioyapiga, na mheshimiwa akasimama na kipaza sauti kusema ushindi ni ushindi. Ndipo ile sauti ya fundi wa akala ikapaa kutoka upande wa pili wa uwanja: "Mheshimiwa! Tumemfunga nani?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mwenyekiti akatuma watu wawili wamtoe, naye akatoka akirudia swali lake, na sisi tukapiga makofi kombe lilipoinuliwa.

Siku ya tatu alikuja kwangu. Hakunisalimia ejok wala nini, na kwa mtu wa huku hiyo peke yake ni shari. Alisimama mlangoni akasema, "Andika ni mimi nilikosea hiyo majina. Andika kombe si yetu. Halafu andika, kama wao wanazuiwa, twende sisi. Sisi tukienda Kakuma nani anatuuliza karatasi? Hakuna. Tupande gari tubebe hiyo kombe, tucheze kwao. Wakitufunga, wachukue. Tukiwafunga, tutalala vizuri." Sikuwahi kusikia pendekezo la haki rahisi kuliko hilo. Nikamwambia mhariri hatakubali. Wasomaji wangu, sikumuuliza mhariri. Nilikuwa na mwaliko wa chakula kwa mheshimiwa wiki ile, na nilichoandika kwenye safu hii hii, wengine mtakumbuka, ni habari za viti alivyoahidi kujenga uwanjani. Viti hivyo hadi leo hatujaviona. Marehemu aliusoma ukurasa ule, na tangu siku hiyo nikipita kibandani alinikatia akala bila kusema neno. Yule mtu, kimya! Ningelipa chochote anitukane.

Alikwenda Kakuma peke yake kuomba radhi. Nahodha akamkalisha, wakampa chai, na yule kijana akamwambia, "Papa, haina shida. Njo vile tunaishi," yaani ndivyo tunavyoishi. Maneno hayo yalimuumiza kuliko matusi, nilisikia kwa mkewe. Alisema afadhali wangempiga. Aliporudi alianza kuizungukia kamati, mmoja mmoja, kila wiki, swali lilelile: lini tunakwenda? Leo wana kikao, kesho mwenyekiti yuko Kitale, kesho kutwa msimu umefungwa. Walimwona kichaa. Wateja nao wakaanza kwenda kwa mafundi wengine wasiokuwa na kesi.

Hebu tuambizane ukweli sisi watu wa huku. Ni nani hapa asiyejua uchungu wa kuulizwa karatasi? Wazee wetu mpaka leo wakivuka Kainuk kwenda kusini husema wanakwenda Kenya, kana kwamba hapa ni nchi nyingine, na hawakulitunga hilo kwa mzaha, walifundishwa na namna walivyotendewa. Tumezurura ofisi kwa ofisi tukitafuta kitambulisho, tukiambiwa leta mzee, leta chifu, leta cheti cha shule ambayo haikujengwa. Tumelalamika kwenye kila mkutano kwamba tumesahauliwa. Halafu wanakuja jirani zetu, wanaishi nasi, tunawauzia mbuzi na makaa, wanatuuzia nguo na simu, na siku wanapozuiwa njiani kwa kosa letu sisi, tunawapigia makofi waliotuzawadia kombe. Marehemu alisema hivyo ndivyo tunavyotawaliwa pia. Mgombea hahangaiki kukushinda, anahangaika usifike uwanjani. Fomu yako imekosa sahihi, mkutano wako umekosa kibali, na jina lako kwenye daftari halionekani. Kisha anasimama peke yake katikati ya uwanja, anatangaziwa mabao matatu, na sisi tunaimba. Nilikuwa nikimwona anachanganya mambo. Sasa naona mimi ndiye niliyekuwa nimeyatenganisha ili nipate kula kwa amani.

Jumamosi tukamzika. Vijana wa kambini walikuwa wametaka kuja, lakini vibali haviwezi kupatikana kwa siku tano, kwa hiyo nahodha alipiga simu, mke wa marehemu akaiweka karibu na jeneza, na tukasikia wimbo wa maombi ukiimbwa na wanaume wengi kutoka mbali, sauti ikikatika kwa mtandao. Nililia, sioni haya kusema. Kabla wimbo haujaisha, magari manne yakaingia kwa kishindo. Mheshimiwa. Akapewa kipaza sauti kabla ya ndugu wa marehemu, akaeleza barabara anazopigania, akawasema wapinzani wake, akatupa utabiri wa uchaguzi ujao, na mwisho kabisa akamkumbuka maiti. Akatangaza mashindano mapya yatakayobeba jina la marehemu. Kombe kubwa zaidi! Jezi mpya! Watu wakaanza kushangilia, jamani, penye kaburi wazi.

Mjane akainuka. Ni mwanamke wa maneno machache, miaka yote alikuwa ameolewa na mtu aliyeyamaliza yote yeye. Hakuomba kipaza sauti. Alisema, "Mheshimiwa, mzee wangu hakutaka kombe. Alitaka mechi. Utawapeleka vijana wetu Kakuma lini?" Mheshimiwa akasafisha koo, akasema jambo hilo amelisikia na litashughulikiwa. Mama akamuuliza tena, kwa upole uleule, "Lini?" Mtu mmoja wa itifaki akamshika bega akamkalisha, kwaya ikaambiwa iimbe. Nilitazama viatu vyangu. Mwenyekiti alikuwa jirani yangu, naye alitazama vyake.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti. Nilimwambia nimekuja kwa swali la mjane. Akanieleza kwamba matokeo yameshaandikwa, msimu umeshafungwa, na mheshimiwa atalichukulia vibaya. Nikamwambia mwenzangu, hayo yote nayajua, nimeyatumia mwenyewe. Akacheka kidogo, akanikaribisha chai, nikakataa, na katika mji huu kukataa chai ya mtu nyumbani kwake ni maneno mazito. Tukaachana hivyo.

Mafunzo sina mengi, nina moja, na nimelipata kwa kuchelewa. Ukishinda kwa sababu mwenzako amezuiwa njiani, umeiba, hata kama kizuizi hukukiweka wewe. Na ukiwa na kalamu ukalijua hilo ukanyamaza, umeiba zaidi, maana umemwibia pia aliyetaka kurudisha. Kwa hiyo naandika leo nilichoombwa kuandika. Majina yalikosewa na sisi. Timu ya Lodwar haikushinda fainali ile. Basi la Kakuma huondoka hapa kila siku asubuhi, na Jumamosi hii nimelipia nafasi yangu. Nitakwenda kumwambia nahodha ana kwa ana kwamba kombe si letu. Wachezaji wetu mnalijua basi hilo, na mnajua saa yake ya kuondoka. Hakuna askari atakayewauliza nyinyi ni akina nani. Mkikosa kuja, msitafute wa kumlaumu. Mtakuwa mmezuiwa na nyinyi wenyewe.